Namna ya kuchagua neno la Kiingereza kwa ajili ya mfanano

Katika kuhariri tafsiri, neno ninalolibadilisha mara nyingi ni similarity. Ni neno zuri, ila watafsiri hulitwisha kazi za wenzake. Kabla hujaliandika, pita hatua hizi.

1. Jiulize kinachofanana ni nini. Ni sura, ni sifa, au ni uhusiano? Jibu kwanza, kisha ndipo ufungue kamusi ya visawe. Kamusi hiyo hupanga maneno yote pamoja kana kwamba lolote laweza kukaa mahali pa jingine.

2. Ikiwa ni sura, tumia resemblance: mshabaha unaoonekana kwa macho, kama wa mtoto na shangazi yake. Huweza kuwa mkubwa au wa mbali, na mara nyingi neno hili hufuatana na kitenzi bear. Likeness hukaribia zaidi, tena ni jina la picha yenyewe. Mchoraji akiipatia sura ya mtu, tunasema it's a good likeness. Hapo resemblance halikai.

3. Ikiwa ni sifa, sasa similarity liko kwao. Sheria mbili au hoja mbili zikiwa na mambo ya pamoja, hilo ndilo neno lake.

4. Ikiwa ni uhusiano, chukua analogy. Hapa ndipo wengi huteleza. Moyo na pampu havifanani kwa umbo. Kinacholingana ni kazi: moyo kwa damu ni kama pampu kwa maji. Ukiandika resemblance, msomaji atatafuta umbo la pampu kifuani. Kipimo ninachokiamini ni hiki: kama wazo lako linahitaji vitu vinne, viwili kila upande, hiyo ni analogy.

Affinity liweke akiba kwa ukaribu wa asili, kama wa lugha zilizotoka shina moja, au kwa mvuto. Similitude lina harufu ya maandishi ya kale, mimi hulikwepa.

5. Kagua sarufi. Resemble halitaki kihusishi: she resembles her mother, bila to. Similar hufuatwa na to, wala si with, hata kama Kiswahili chako kinakusukuma kwenye "fanana na". Alike huja baada ya kitenzi: the twins are alike. Ukihitaji kivumishi kabla ya nomino, rudi kwa similar.