Seiko 6139: Kronografu ya Kuanzia kwa Mkusanyaji wa Saa za Zamani

Mwaka 1969 kronografu (saa zenye kipima-muda cha kuanzisha na kusimamisha) zinazojijaza zenyewe kwa mwendo wa mkono zilizuka karibu kwa pamoja: Zenith ilitangaza El Primero mwezi Januari, Heuer, Breitling na washirika wao wakaonyesha ya kwao mwezi Machi, na kufikia Mei Seiko 6139 ilikuwa inauzwa Japani. Anayeanza kukusanya namshauri aanze na hiyo ya mwisho, kwa sababu bei yake bado inavumilika na kwa sababu mgongo wake hutaja umri wake.

Geuza saa usome nambari ya utengenezaji, ambayo kwa kawaida ina tarakimu sita. Tarakimu ya kwanza ni ya mwisho ya mwaka na ya pili ni mwezi (Oktoba, Novemba na Desemba huandikwa O, N na D), hivyo nambari inayoanza na 41 ni ya Januari 1974. Kisha rudi kwenye uso wa saa. Matoleo ya mwanzo yaliandikwa neno PROOF kuhusu maji, lakini baada ya 1970 hivi neno hilo likaachwa na kuwekwa RESIST. Mimi niliwahi kununua moja yenye PROOF usoni na 4 mwanzoni mwa nambari, na muuzaji akaapa kwamba haijawahi kufunguliwa. Ilikuwa imeunganishwa kutoka saa mbili, na bei niliyolipa ilikuwa ya saa nzima.

Uso wa manjano ndio unaotafutwa zaidi, kwa kuwa mwanaanga William Pogue aliivaa saa ya aina hiyo katika kituo cha Skylab kati ya 1973 na 1974, na kwa sababu hiyohiyo ndio unaoigizwa zaidi. Tumia kioo cha kukuzia: uso halisi una maandishi membamba yenye kingo safi, pamoja na msimbo mdogo ukingoni chini, ilhali wa kuigiza mara nyingi una herufi nene zilizovimba. Manjano iliyofifia kidogo kwa jua isikutishe. Mimi huiamini kuliko ile inayong'aa kama ya jana.

Saa hii haitiwi ufunguo kwa mkono, kwa hiyo itikise polepole ubavu kwa ubavu hadi ianze kwenda. Bonyeza kitufe cha juu: mshale mrefu wa sekunde uondoke bila kuruka, maana klachi yake, yaani kiungo kinachoushika na kuuachia mshale huo, ni ya wima. Usimamishe, kisha ubonyeze kitufe cha chini, nao urudi barabara kwenye 12, na ule mdogo wa dakika 30 urudi sifuri. Mshale unaosimama pembeni mwa 12 huashiria kazi ya fundi, na gharama hiyo uipunguze kwenye bei kabla ya kutoa fedha.

Ukishainunua, usiivae mpaka isafishwe na kutiwa mafuta mapya, kwani mafuta yaliyokauka husaga vyuma. Mwambie fundi asipige polishi kasha, kwa sababu kingo zikishalainishwa hazirudi, na akurudishie kila kipuri cha zamani anachokitoa, kikiwa ndani ya kifuko kidogo.