Kabla ya kwenda Mlimani City, panga kwanza mahali pa kulala

Kwa ndugu wanaotoka mikoani na kupanga kufanya manunuzi Mlimani City, jengo la maduka jijini Dar es Salaam, ushauri wangu ni kutafuta chumba kabla ya kuamua siku. Jengo hilo, lililofunguliwa mwaka 2006, liko kando ya Barabara ya Sam Nujoma, kati ya Ubungo na Mwenge, jirani na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kwa hiyo gesti za Sinza na Mwenge zinafaa kuliko hoteli za Posta au Kariakoo, ambazo zitakulazimu kukaa kwenye foleni asubuhi na jioni. Omba kuona chumba kabla ya kulipa, ukague kitasa, maji na feni, na kama una gari, uulize iwapo litalala ndani ya geti.

Zingatia pia kwamba ukumbi wa mikutano uliopo Mlimani City hupokea mikutano mikubwa na mahafali, na siku hizo maegesho hujaa na vyumba vya jirani huadimika, hivyo piga simu mapema. Anayeshuka basi Kituo cha Magufuli, Mbezi Luis, aache kwanza mizigo chumbani, kwani kuzunguka madukani na mabegi kunachosha mno, hasa ukiwa na watoto. Asubuhi ya siku ya kazi ndiyo tulivu. Vinyago vya zawadi, kwa maoni yangu, vinunuliwe kwenye soko la wachongaji la Mwenge, ambako utapatana bei na fundi mwenyewe.