Jinsi ya Kutambua Daraja Halisi na Vifaa vya Kiwandani vya Hilux ya Zamani

Ukienda kutazama Hilux ya zamani inayouzwa, jambo la kwanza utakaloambiwa na dalali ni kwamba gari ni "fulu opsheni". Maneno hayo hayakuelezi chochote kuhusu gari lilivyotoka kiwandani. Pikapu ya miaka ishirini au thelathini imepita mikononi mwa mafundi wengi, na kila mmoja ameongeza kitu au ameondoa kitu: stika ya SR5, jina la daraja la juu, hununuliwa dukani kwa bei ya chakula cha mchana, rimu hubadilishwa kwa nusu saa, na viti vya kitambaa hung'olewa kwenye gari lililopinduka na kufungwa kwenye jingine. Mwongozo huu unaeleza namna ya kujua gari lilizaliwa na nini, kwa kuwa bei utakayolipa na spea utakazoagiza vinategemea hilo.

Anza na kibati, yaani kipande kidogo cha bati chenye taarifa za gari kutoka kiwandani. Katika Hilux nyingi za zamani, ukifungua boneti utakiona kwenye ukuta unaotenganisha injini na chumba cha dereva. Kama kimefunikwa na vumbi lililoshikana na mafuta, kisafishe kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo. Usitumie msasa, kwa maana herufi zake hazina kina kirefu na zikifutika hazirudi. Hapo utakuta namba ya modeli, aina ya injini, namba ya chesisi, msimbo wa rangi ya bodi pamoja na wa vitambaa vya ndani, na misimbo ya giaboksi na ya ekseli. Kipige picha uihifadhi kwenye simu kabla hujazungumza bei.

Namba ya modeli ndiyo inayosema mengi zaidi. Chukua mfano wa LN106R. Herufi L ya mwanzo inaonyesha familia ya injini, yaani dizeli za L. Herufi N ndiyo Hilux yenyewe. 106 ni umbo la kiufundi la kizazi cha tano, kilichoanza mwaka 1988, likiwa na fowili (magurudumu yote manne yanasukuma) na injini ya 3L ya lita 2.8, R ni usukani wa kulia. LN105 ni ndugu yake mwenye injini ya 2L ya lita 2.4. Namba ikianza na RN, injini ya kiwandani ilikuwa petroli ya familia ya R, kama vile 22R. KZN inaashiria dizeli ya 1KZ yenye turbo, na KUN ni dizeli za kizazi cha saba, 2KD ya lita 2.5 na 1KD ya lita 3.0. Herufi zinazofuata baada ya kistari hueleza umbo la bodi, aina ya gia, daraja na mafuta. M, kwa mfano, ni gia tano za mkono. Huna haja ya kuzikariri zote, kwa sababu muuza spea yeyote mwenye katalogi ya Toyota kwenye kompyuta atakusomea namba nzima kwa dakika mbili na kukuambia kama gari lilikuwa la daraja la chini, la kati au la juu.

Sasa linganisha kibati na gari lenyewe. Injini za 2L, 3L na 5L zinafanana kiasi kwamba kubadilishana ni jambo la kawaida kwenye gereji zetu, na si kosa kama muuzaji amesema kweli na kadi ya gari imerekebishwa. Jina la injini limesubiwa kwenye bloku kwa herufi nene, na namba yake imegongwa pembeni. Ukikuta kibati cha LN105 na bloku ya 3L, umepata gari lililofanyiwa upandikizaji, na unapaswa kuuliza kama giaboksi nayo ilibadilishwa. Vivyo hivyo, gari lenye herufi L mahali pa ile R ya usukani lakini usukani wake uko kulia limegeuzwa baada ya kutoka kiwandani, labda lilitoka Ghuba au katika nchi jirani zinazoendesha upande wa kulia wa barabara. Tazama mashimo yaliyozibwa kwenye ukuta wa injini upande wa kushoto, kisha washa waipa uone kama zinafagia kuelekea upande wa dereva, kama inavyotakiwa, au wa abiria.

Namba ya chesisi imegongwa pia kwenye reli ya kulia, karibu na gurudumu la mbele. Katika magari yenye namba ya tarakimu na herufi 17, mwanzo wake hutaja nchi ya kiwanda: JT ni Japani, AHT ni Afrika Kusini, MR0 ni Thailand. Jambo hili lina uzito kwa sababu Toyota iliacha kuuza Hilux ndani ya Japani mwaka 2004 na ikarudi sokoni huko mwaka 2017. Kwa hiyo mtu anayekuambia kwamba Hilux yake ya mwaka 2009 "ilikuwa ikitembea Japani" anahitaji kukuonyesha namba ya chesisi kabla ya kuendelea na hadithi.

Hapa kuna mtego ambao nimeona watu makini wakinaswa nao. Kizazi cha saba kilizinduliwa Thailand mwaka 2004 kwa jina la Vigo, na miongoni mwake lilikuwamo toleo la Prerunner, ambalo limeinuliwa juu sawasawa na fowili, lina matao mapana na matairi makubwa, lakini linasukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake. Ukilitazama kwa mbali huwezi kulitofautisha. Piga magoti mbele ya gari: kama hakuna difu ya mbele (sanduku la gia lililo kwenye ekseli) wala shafti zinazokwenda kwenye magurudumu ya mbele, hakuna fowili, hata kama mlangoni pameandikwa 4x4. Kwenye kibati, KUN15 na KUN16 ni za magurudumu mawili, KUN25 na KUN26 ni za manne.

Kuhusu madaraja yenyewe, Hilux za kizazi cha tano na cha sita ziliuzwa kwa ngazi ambazo majina yake yalitofautiana kulingana na nchi, ila mpangilio ulikuwa uleule. Ya chini ilikuwa gari la kazi: kiti kirefu cha reksini, sakafu ya mpira inayooshwa kwa maji, vioo vya kuzungusha kwa mkono, rimu za chuma, na dashibodi isiyo na kipima mizunguko ya injini. Ya kati ilipata kitambaa na mapambo machache. SR5, ambayo tarakimu yake ilitokana na gia tano wakati ambapo gia tano zilikuwa jambo la kujivunia, ilikuja na kipima mizunguko, zulia, na mara nyingi bampa za kromu na michirizi ya ubavuni. Kama kazi yako ni kubeba mahindi na mifuko ya saruji, binafsi ningechukua ya chini iliyo nzima kuliko SR5 iliyochoka. Sakafu ya mpira haiozeshi bati kama zulia lililolowa.

Ili kuthibitisha daraja, usitazame vitu vinavyong'olewa kwa bisibisi. Inua pembe ya zulia karibu na mlango: zulia la kiwandani limeumbwa kufuata mikunjo ya sakafu, na lile la fundi limekatwa kwa mkasi na kulala kama mkeka. Tazama mahali pa swichi kwenye dashibodi. Gari la daraja la chini lina vifuniko vitupu, na mtu akiongeza taa za ukungu baadaye hutoboa plastiki badala ya kutumia nafasi hiyo. Ingiza mkono nyuma ya dashibodi uguse waya. Waya wa kiwandani umefungwa kwa utepe tangu mwanzo hadi mwisho na huishia kwenye soketi yenye kikufuli. Wa kuongezwa umesokotwa na kuzungushiwa selotepu inayonata vidoleni. Kwa kiyoyozi, tafuta stika chini ya boneti inayotaja aina ya gesi.

Kifaa cha hiari kinachodanganya zaidi ni kifungio cha difu ya nyuma, ambacho hulazimisha magurudumu mawili ya nyuma kuzunguka pamoja. Niliwahi kununua Hilux yenye swichi yake kwenye dashibodi. Muuzaji aliibonyeza mbele yangu, taa ikawaka, nikaridhika. Wiki iliyofuata nilikwama kwenye tope la kawaida kabisa, gurudumu moja likizunguka peke yake, na nilipoingia chini nikakuta waya wa swichi unakwenda kwenye taa na kuishia hapo. Difu yenye kifungio cha umeme cha kiwandani ina mota ndogo, kiasi cha ngumi, iliyofungwa kwenye nyumba ya difu, na waya mnene unaoifuata kando ya chesisi. Isipokuwapo mota hiyo, swichi ni pambo.

Mwisho kagua uwiano wa difu, yaani propela (shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye difu) inazunguka mara ngapi magurudumu yakizunguka mara moja, hasa kwa fowili, kwa kuwa difu ya mbele na ya nyuma lazima zilingane. Zikitofautiana, ukiingiza fowili kwenye ardhi ngumu mfumo mzima hujikaza hadi kitu kivunjike. Weka vizuizi kwenye magurudumu ya mbele, inua ekseli nzima ya nyuma juu ya stendi, weka gia huru na uachie breki ya mkono. Chora alama ya chokaa kwenye propela, kisha wewe na mwenzako zungusheni magurudumu yote mawili kwa pamoja, mzunguko mmoja kamili, huku mtu wa tatu akihesabu propela. Mizunguko minne na sehemu ya kumi ni uwiano wa 4.1. Mkizungusha gurudumu moja na jingine likasimama, hesabu itatoka nusu, na hapo ndipo wengi hukosea. Rudieni kazi hiyo kwa ekseli ya mbele baada ya kuhamisha vizuizi nyuma, habu (vifungio vilivyo katikati ya magurudumu ya mbele) zikiwa zimegeuzwa kwenye LOCK na wenzo wa fowili ukiwa kwenye magurudumu mawili, kisha linganisha majibu na msimbo wa ekseli uliopiga picha kwenye kibati.