SOMO: Kuonyesha filamu yako ya majaribio mbele ya watu hapa Dar

Wakuu, kila wiki naulizwa faraghani namna ya kuonyesha video za sanaa na filamu zisizo na hadithi ya kawaida. Naandika mara moja. Mkiulizwa, waleteni hapa.

1. Ukumbi. Anzieni kwa wanaoijua sanaa: Nafasi Art Space Mikocheni, Goethe-Institut Upanga. Uani kwa mtu pia panafaa.

2. Kibali. Wahi Bodi ya Filamu. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 ipo na inatumika.

3. Muda. Kama ni nje, saa moja na nusu usiku. Kabla ya hapo anga lina mwanga, picha inapauka.

4. Mitambo. Jaribu faili lilelile, kompyuta ileile, waya uleule, palepale ukumbini, siku moja kabla.

5. Utangulizi. Hapa ndipo nilipoharibu. Filamu yangu ya dakika 11 ina sekunde 40 za giza bila sauti, na sikumwambia mtu. Ilipofika pale fundi akadhani projekta imekufa, akachomoa waya, akawasha taa. Watu wakaanza kuinuka. Giza lile ndilo lililokuwa moyo wa kazi: baada ya kelele za Kariakoo nilitaka kila mtu asikie pumzi yake. Fundi hana kosa, mimi ndiye sikumpa maelekezo. Onyesho lililofuata nikakosea upande wa pili: robo saa nzima naeleza kila picha ina maana gani. Watu wakakaa kusubiri nilichokwisha kuwaambia, mwishoni hakuna aliyeuliza kitu. Siku hizi natumia dakika mbili: kazi ina urefu gani, itanyamaza wapi, itakuwa giza wapi, nini kilinisukuma kuianza. MAANA SISEMI.

ONYO: fundi apewe karatasi yenye dakika ya kila ukimya na kila giza.
ONYO: kama kuna mwanga wa kumetameta, tangaza kabla. Mwenye kifafa anaweza kuanguka.

6. Mazungumzo. Waulize wao kwanza waliona nini.

MASWALI

Kijana wa Sinza: Mkuu, kwa hiyo nieleze maana au nisieleze?
— Hatua ya 5. Nimeandika kwa herufi kubwa.

Kijana wa Sinza: Ila watu wetu hawaelewi vitu hivi.
— Sikubali. Watu wa kibanda umiza, vile vibanda vya video vya mtaani, wamezoea sauti ya mtafsiri juu ya picha ya mtu mwingine. Masikio yao yako tayari kuliko unavyodhani. Waheshimu.

Mama Tegeta: Yangu inajirudia, haina mwanzo. Watu waingie saa ngapi?
— Swali zuri, dada. Usipange viti kwa safu. Weka mabenchi pembeni na uache njia. Mlangoni bandika urefu wa mzunguko mmoja, mtu ajue akikaa, tuseme, dakika 6 ameiona yote. Wewe kaa nje ya mlango, wanaotoka ndio wenye maneno.

Fundi Mbagala: Na kama hakuna ukumbi unaokukubali?
— Kodi mwenyewe. Maya Deren, mtengenezaji wa filamu za majaribio, alifanya hivyo New York mwaka 1946, akakodi jumba la maigizo la Provincetown Playhouse kuonyesha filamu zake fupi. Watu walijaa.

Fundi Mbagala: Nyongeza: VLC, programu ya kuchezea video, huandika jina la faili juu ya picha mwanzoni. Lizimeni kwenye mipangilio.
— Asante sana. Na masika epukeni paa la bati, mvua ikishuka hakuna spika itakayosikika.