Kazi za Kila Siku katika Shamba lenye Mifugo Pemba

Shamba la eka tatu, kama yale waliyogawiwa wananchi wa Unguja na Pemba baada ya Mapinduzi ya 1964, linaweza kubeba mikarafuu, minazi, migomba na muhogo, na bado likabakiza nafasi ya ng'ombe mmoja au wawili, mbuzi kadhaa na kuku wa kienyeji. Mifugo hiyo hustawi au hudhoofika kwa kadiri ya utaratibu wa mwenyewe, na kazi ninayoitanguliza mbele ya zote ni kumwangalia mnyama kabla ya kumlisha.

Kunapopambazuka, ingia bandani taratibu ukiwa mikono mitupu, kwani wakiona majani wote huinuka kwa vurugu na hutaona lolote. Tazama nani anacheua na nani amejitenga, nani pua yake imekauka au inatoa makamasi, na mkia wa nani umechafuka kwa kuharisha. Mbuzi inafaa aangaliwe na macho yake, kila wiki wakati wa masika na kila baada ya wiki mbili katika misimu mingine. Mshike kichwa, ubonyeze ukope wa juu kwa kidole gumba, kisha uuvute wa chini ili uone nyama ya ndani, ambayo kwa mbuzi mzima huwa nyekundu au ya waridi iliyokolea. Ikiwa imepauka na kukaribia weupe wa karatasi, minyoo ya tumboni inamnyonya damu na anahitaji dawa siku hiyohiyo, kwa kipimo kinacholingana na uzito wake. Kuwapa dawa mbuzi wote kila mara bila ya kuangalia huifanya minyoo iizoee dawa, na hapo mfugaji hubaki hana silaha.

Minyoo hiyo hupanda majanini pamoja na umande, kwa hiyo usiwatoe mbuzi kabla ya jua kuyakausha majani. Kwa kuwa wengi wetu huwafunga kamba ili wasile mimea ya jirani, mahali pa kufungia pabadilishwe kila siku, kwani mbuzi anayezunguka kigingi kilekile kwa wiki nzima hula majani aliyoyanyea mwenyewe. Fundo la shingoni liwe lile lisilokaza anapovuta. Kabla ya kuondoka, zunguka na kamba iliyonyooka uhakikishe kwamba haitanasa kwenye kisiki, na kwamba ataweza kufikia kivuli jua litakapokuwa la utosi. Banda lake lijengwe juu ya nguzo, na sakafu iwe ya fito zenye mianya ya kupitisha mavi, kwa sababu mvua za masika zikimkuta amesimama kwenye tope, kwato huoza.

Kwa ng'ombe, adui mkubwa ni kupe, ambao huambukiza ugonjwa wa ndigana kali. Wapekue kwa vidole ndani ya masikio, chini ya mkia, kwapani na kwenye kiwele, kisha papasa chini ya sikio, kwa kuwa tezi iliyovimba hapo pamoja na homa ni sababu ya kumwita daktari wa mifugo bila ya kusubiri kesho. Ng'ombe wa maziwa waliochanganywa damu na wa kigeni huathirika zaidi kuliko wetu wa kienyeji, hivyo dawa ya kuogesha iwafikie kwa ratiba uliyopewa, na ichanganywe kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa.

Majani ya kukata yachanganywe aina mbalimbali: majani ya tembo kwa wingi, na majani ya miti ya malisho kama lusina au glirisidia kwa kiasi. Majani mabichi ya muhogo na maganda yake yana sumu, hasa muhogo mchungu, kwa hiyo yaanikwe juani mpaka yakauke ndipo wapewe. Maji ndiyo huduma inayopuuzwa kuliko zote. Ng'ombe mkubwa anaweza kunywa lita 30 au zaidi kwa siku, na anayenyonyesha huhitaji mengi zaidi, nayo ndoo moja ya jioni haikidhi haja hiyo wakati wa joto la kaskazi. Ikiwa unakama, osha mikono na kiwele, ufute kwa kitambaa safi, na ndama aliyezaliwa leo apate dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya mama yake, mapema iwezekanavyo, ndani ya saa za mwanzo, kabla mtu hajafikiria maziwa yake mwenyewe.

Kuku hawana kazi nyingi, ila iliyopo haiahirishwi. Wape chicha ya nazi na pumba asubuhi, maji safi kwenye chombo kilichosuguliwa, na ufunge kizimba kabla ya magharibi kwa sababu ya ngawa. Ugonjwa wa mdondo unaweza kumaliza kizimba kizima kwa siku chache na hauna tiba. Kinga yake ni chanjo ya matone, tone moja katika jicho moja, inayorudiwa kila baada ya miezi mitatu kwa kuku wasio wagonjwa tu. Majirani wakichanja siku moja, kinga huwa na nguvu zaidi, kwa kuwa kuku hawajui mpaka wa shamba.

Msimu wa karafuu hubadilisha mambo, kwani watu wote huwa juu ya mikarafuu au kwenye majamvi. Mpangie mtu mmoja anayefahamika kazi ya maji na kubadilisha malisho, na kuku na mbuzi wazuiwe wasifike zinakoanikwa karafuu.

Mnyama mgeni, hasa wale wanaonunuliwa inapokaribia Idi Kubwa, atengwe mbali na wengine kwa muda usiopungua wiki mbili, alishwe mwisho baada ya wenyeji, na ndoo yake isitumiwe na mwengine. Akitimiza muda huo akiwa anakula vizuri, hakohoi, haharishi na hana kupe, ndipo aunganishwe na wenzake.