Mastazi ya elimu ya sayansi ukiwa bado unafunza: tafuta swali kwanza, chuo baadaye

Walimu wenzangu mnaouliza chuo gani ni kizuri cha mastazi ya elimu ya sayansi huku kwetu Kenya, vyuo viko tele. Maseno iko, Masinde Muliro iko Kakamega, Moi iko Eldoret, Egerton iko Njoro, ukiwa Siaya kuna JOOUST (chuo kikuu cha Jaramogi Oginga Odinga) pale Bondo, chagua ile nauli yake haitakumaliza. Kwenye watu huumia ni kwingine. Mtu analipa fii, anapiga masomo ya darasani mwaka wa kwanza vizuri kabisa, halafu ikifika tasnifu anakwama miaka na miaka hadi anaogopa kushika simu ya supavaiza, na ukichunguza utapata aliingia bila swali lolote lake mwenyewe.

Na wewe umefunza miaka kumi, maswali unayo, ni vile hujayaandika. Chukua mfano wa fizikia. Unganisha balbu mbili kwa sirisi, na kabla hujawasha swichi uliza darasa ni ipi itawaka zaidi. Kuna kikundi kikubwa tu watakuambia ni ile iko karibu na betri, kwa sababu inakula karenti kwanza na ile ingine inaachiwa makombo. Unawasha, zote zinawaka sawa (hakikisha balbu ni za aina moja, usije ukajiaibisha), watoto wanasema aaah, unaenda zako stafurumu umeridhika. Kwa CAT inayofuata, ule mtihani mdogo wa katikati ya tamu, jibu la makombo limerudi vilevile. Sasa hapo ndio kuna tasnifu: wameona kwa macho yao na bado hawajabadilika, je, wangeandika utabiri wao kwanza, wakaangalia, kisha wakaeleza wenyewe kwa nini haukulingana, ingeshika? Tayari una mada, una mbinu, una kitu cha kupima. Linganisha na ile ya "mambo yanayoathiri matokeo ya sayansi katika kaunti fulani", hiyo imeandikwa hadi imechoka, na ukiulizwa unapima nini haswa unaanza kukohoa.

Kitu watu wanasahau ni kalenda ya mtaala. Gredi ya 10 ya mtaala mpya ilianza Januari 2026, kwa hivyo mwaka huo fomu wani na fomu tu hazipo tena, na KCSE, ule mtihani wa mwisho wa fomu foo, ya mwisho ni 2027. Ukianza masomo leo, data utakusanya kama mwaka mmoja au zaidi mbele, so ukiandika proposo ya fomu tu utaenda uwanjani ukose hao wanafunzi. Chagua junia sekondari, kwa somo la sayansi jumuishi, au sinia skuli upande wa STEM. Na kwa sababu mtaala umebadilika, usikopi kipimo (mtihani wa kupima wanafunzi) kwa tasnifu ya zamani bila kukifanyia kazi.

Ukishapata swali, liandike ukurasa mmoja, kisha nenda kwa idara yenyewe ukiwa nao mkononi uulize nani anasimamia kazi za aina hiyo. Hii ni kabla ya kulipa chochote. Kwa kuingia, mara nyingi wanataka digrii ya second upper, au second lower na miaka kadhaa ya kazi, na kama ulifanya BSc tupu wengi watakuambia uanze na diploma ya ualimu ya baada ya digrii. Confirm pia programu imeidhinishwa na CUE, tume ya elimu ya vyuo vikuu.

Kuhusu ruhusa, kuna masomo ya likizo, Aprili, Agosti na Desemba, na kuna likizo ya masomo ya TSC (tume inayoajiri walimu) ambayo unaomba mapema kabla hujaanza, sio ukiwa tayari uko darasani la chuo. Na usiingie ukitegemea karatasi pekee ikupandishe gredi TSC, haiendi hivyo siku hizi.

Muundo wa utafiti utakaousikia sana ni Solomon ya vikundi vinne: viwili vinafunzwa kwa mbinu mpya, viwili kwa ile ya kawaida, na kila upande kikundi kimoja tu ndio kinafanya mtihani wa kwanza, ule wa kabla ya kufunzwa; wa mwisho wanafanya wote. Ni mzuri maana unaonyesha kama huo mtihani wa kwanza wenyewe ndio ulifunza watoto. Lakini usiweke vikundi kwa shule moja, watoto wa strimu mbili wanakula meza moja na watapeana kila kitu. So ni shule nne, na kama ni Kisumu na umechagua moja Seme na ingine Muhoroni, hesabu nauli kabla paneli ya chuo inayokagua proposo haijakupitisha, na ujue utahitaji kuwafunza walimu wa hizo shule mbinu yako kwanza maana wewe huwezi kuwa kote.

Paneli ikishapitisha, unatafuta kibali cha maadili, halafu unaomba leseni ya utafiti NACOSTI (tume ya serikali ya sayansi na teknolojia), inafanywa online, halafu unapeleka nakala kwa mkurugenzi wa elimu wa kaunti na kwa kamishna wa kaunti. Usiguse shule kabla ya hizo karatasi hata kama prinsipo ni rafiki yako. Jaribu mtihani wako kwa shule nyingine isiyo kwa utafiti, ukipata uthabiti (namba ya 0 hadi 1 inayoonyesha kama mtihani unapima bila kuyumba) wa 0.7 kwenda juu uko sawa, chini ya hapo rudi urekebishe maswali. Data kusanya tamu ya kwanza au ya pili, tamu ya tatu mitihani ya kitaifa imekalia kila mtu. Na zile karatasi walizoandika watoto usitupe hadi ugradueti, siku ya kudifendi unaweza kuambiwa uzilete.