Jinsi ya Kuomba Mkataba wa Kurudisha Stima ya Sola Gridini Ukiwa Nairobi

Kabla ya kugusa fomu yoyote, ni vyema mwombaji aelewe anachoomba, kwa maana baadhi ya wauzaji wa paneli huupamba mpango huu kana kwamba Kenya Power itakutumia pesa kwa simu kila mwisho wa mwezi. Haitatuma. Kifungu cha 162 cha Sheria ya Nishati ya 2019 kinamruhusu mteja anayemiliki mtambo usiozidi megawati 1 kuomba mkataba na kampuni inayosambaza stima, na kanuni zilizotolewa mwaka wa 2024 ndizo zilizoweka hesabu yenyewe: ukirudisha yuniti 200 gridini, yaani kwenye laini ya Kenya Power, unaandikiwa yuniti 100 za kupunguza bili yako. Ikiwa mwezi huo ulivuta yuniti 300 kutoka kwenye laini, utalipia 200. Nusu nyingine inabaki kwa mwenye laini.

Salio usilolitumia huvuka mwezi, lakini halivuki mwaka wa fedha wa kampuni, ambao hufungwa tarehe 30 Juni. Mkazi wa Nairobi anapaswa kuitafakari tarehe hiyo kwa makini. Jua letu kali ni la Januari na Februari, ilhali Julai jiji hushinda chini ya mawingu na paneli hutoa kidogo, kwa hiyo akiba ya kiangazi hufutwa siku chache tu kabla ya majira ambayo ungeihitaji. Yeyote aliyepanga ratiba hiyo hakuwa na paneli juu ya paa lake.

Ndiyo maana suala la betri huamuliwa kabla ya kuomba, wala si baadaye. Yuniti 10 zinazobaki mchana zikienda gridini hukuletea 5. Zikipitia betri nzuri ya lithiamu hukurudishia takriban 9 usiku uleule. Aidha, betri hupunguza yuniti unazovuta kutoka kwenye laini, na kiwango cha bei ya stima ya nyumbani hutegemea wastani wa matumizi yako ya miezi 3, na nyumba inayoshuka chini ya yuniti 100 kwa mwezi hutozwa bei nafuu kwa kila yuniti. Betri ni ghali, na usitarajie serikali ikurudishie sehemu ya bei kama inavyofanyika Australia, ambako mpango ulioanza Julai 2025 hupunguza bei ya betri ya nyumbani kwa takriban asilimia 30. Hapa kwetu nafuu hupitia kwenye kodi: Sheria ya Fedha ya 2023, kwa mfano, iliziweka betri za sola na za lithiamu katika kiwango sufuri cha VAT, yaani kodi ya asilimia 0. Kwa kuwa vipengele hivyo hupanguliwa kila msimu wa bajeti, dai ankara inayotenganisha betri, inveta (kifaa kinachogeuza stima ya paneli iwe ya kutumika nyumbani), paneli na kazi ya fundi, ili uone kodi imetozwa wapi. Muuzaji anayekupa jumla moja tu iliyoandikwa kwa kalamu, mwache.

Kuhusu fundi, sitarefusha. Mitambo inayounganishwa na gridi huhitaji fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka inayosimamia nishati nchini, ya daraja la T3. T1 na T2 ni za mitambo midogo. Itafute leseni hiyo katika orodha ya EPRA mtandaoni, uhakikishe haijaisha muda, kwani nakala ya leseni iliyokwisha hupendeza machoni sawa na iliyo hai.

Hatua iliyonila muda na nauli ni ile ambayo hakuna aliyenionya juu yake, yaani jina lililo kwenye akaunti ya stima. Mkataba huu ni wa mteja, na mteja ni yule anayetambuliwa na mfumo, hata kama ni kampuni iliyojenga mtaa wenu ikauza nyumba na kuondoka. Katika ofisi niliyoelekezwa, dirisha la kwanza lilitaka barua kutoka dirisha la tatu, na la tatu likataka kwanza muhuri wa dirisha la kwanza, huku mfumo ukiwa chini karibu kila nilipofika mbele ya foleni. “Mzee, jaribu wiki ijayo,” karani aliniambia kwa upole ambao ulifanya iwe vigumu hata kukasirika. Badilisha jina kwanza, kabla hujanunua hata paneli moja: andaa kitambulisho, PIN ya KRA, hatimiliki au mkataba wa mauzo, na idhini ya mwenye akaunti wa awali. Ikiwa akaunti ni ya marehemu, utahitaji hati za mahakama za usimamizi wa mirathi, na hizo zina foleni yake nyingine.

Jina likishakuwa lako, maombi yenyewe si magumu. Ambatisha mchoro wa mfumo uliotiwa sahihi na fundi, maelezo ya kiufundi ya inveta na paneli, na nakala ya leseni. Mkaguzi atatazama hasa kama inveta hujizima yenyewe pale stima ya gridi inapopotea, kwani vinginevyo utampiga shoti fundi anayedhani laini imekufa. Matokeo yake ni kwamba mfumo usio na betri huzimika pamoja na mtaa mzima hata saa sita mchana jua likiwaka, jambo ambalo muuzaji hulikumbuka baada ya kupokea malipo.

Omba makadirio ya gharama zote za kuunganishwa kwa maandishi, mita ya pande mbili ikiwemo, kabla ya kutuma shilingi yoyote, na usiruhusu stima itoke nje kabla mita hiyo haijafungwa, maana mita ya zamani haikujengewa kuhesabu stima inayotoka. Mita mpya ikishafungwa, piga picha ya namba zake mbili siku hiyohiyo, ya kuingia na ya kutoka, kisha uzilinganishe na bili ya kwanza. Zikitofautiana, peleka malalamiko kwa maandishi na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, kwani bila muhuri utaambiwa hukuleta chochote.